Waliotoboa Paa

Dada yangu hajawahi kuniambia kwamba anataka kutembea. Nilikuwa nimepita miaka arubaini nilipoligundua jambo hilo, na sababu yake ni rahisi mno: sikuwahi kumuuliza. Hakuna aliyemuuliza. Tulimwombea tu.

Kwetu ni Mkongani, Kwale, jirani na hifadhi ya Shimba Hills, huku ambako mtu akipanda mahindi anajua kuna yake na kuna ya ndovu. Majirani wetu wengi ni Waislamu. Sisi tulikuwa mojawapo ya zile nyumba chache za kanisa. Dada alipata polio kabla hajatimiza miaka miwili. Ilikuwa homa ya siku tatu nne, mama akidhani ni malaria, kisha mguu mmoja ukalegea na wa pili ukaufuata nusu njia. Tangu hapo hutembea kwa gongo na ukuta. Pasipo ukuta, hutambaa. Leo ni fundi cherehani. Anatumia cherehani ya mkono kwa kuwa ya kukanyaga haimfai, na madera ya nusu ya wanawake wa kijijini yamepita mikononi mwake.

Nataka kuandika juu ya miujiza ya uponyaji, na sitaki kuandika kwa kebehi. Baada ya Shakahola, mwaka 2023, ni rahisi mtu kukaa mjini na kusema watu wa huku ni wajinga, wanafuata kila mhubiri. Mimi nawajua hao wanaoitwa wajinga. Mmoja alikuwa mama yangu, na mama hakuwa mjinga.

Mwaka 1994 tulimpeleka dada kwenye krusedi upande wa Ukunda. Yeye alikuwa na miaka kumi na sita, mimi kumi na mitatu. Nilimpakia nyuma ya baiskeli ya kuazima mpaka barabarani, tukapanda matatu hadi Kombani, tukashuka, tukapanda nyingine. Mama alikuwa amefunga siku tatu. Njia nzima hakusema neno, midomo tu ikicheza.

Ilipofika zamu ya kuwaombea wagonjwa, wahudumu wawili walimchukua dada wakampandisha jukwaani. Mhubiri alimwekea mkono kichwani, akaamuru miguu ifunguke, akamwambia atupe gongo. Dada akalitupa. Wale wahudumu wakamshika makwapani wakaenda naye hatua nne, yeye akining'inia katikati yao kama nguo kwenye kamba, na uwanja mzima ukapiga vigelegele. Kisha wakamwachia. Akaanguka kifudifudi.

Mhubiri hakusita hata kidogo. Alisema kwenye kipaza sauti kwamba Mungu ameshafanya kazi yake, lakini kuna mtu hapa mwenye shaka, na shaka ni mlango wa shetani. Wakaletwa wengine. Tulipotaka kuondoka nilienda kulitafuta gongo la dada nikaambiwa haiwezekani. Yalikuwa yamerundikwa mbele ya jukwaa, magongo na mikongojo ya kila namna, kama ushahidi. Tulirudi Mkongani bila gongo. Baba akachonga jingine.

Usiku ule mama alimuuliza dada polepole, akidhani mimi nimelala: "Mwanangu, ulishuku?" Dada akajibu: "Sikushuku, mama. Nilitupa gongo." Mama akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Basi ni mimi."

Mama alifariki mwaka 2011. Majuma yake ya mwisho alilirudia swali lile, sasa akiniuliza mimi, kama ni yeye aliyeshuku siku ile. Nilimwambia hapana. Lakini nilisema kama mtu anayemfariji mgonjwa, si kama mtu anayejua, kwa sababu miaka yote ile hata mimi nilikuwa nimejiuliza nani kati yetu aliiharibu ile siku.

Ndiyo maana siandiki hapa kuuliza kama Mungu anaweza kuponya. Anayeamini ataamini, asiyeamini hatabadilishwa na maneno yangu. Swali langu ni dogo zaidi na, kwa maoni yangu, ni zito zaidi: muujiza usipokuja, deni analipa nani?

Kabla ya kanisa, bibi yetu alikuwa ameshampeleka dada kwa mganga. Hilo si siri, watu wengi wa umri wetu huku wamepitishwa huko. Mganga alitaja pepo, akataka kuku na kitambaa, akatoa masharti: mtoto asile hiki, mama asipite pale, dawa iogwe kabla ya jua. Miguu haikupona. Bibi aliporudi kulalamika, akaulizwa kama masharti yote yalitimizwa. Na masharti ni mengi. Nani aliyewahi kuyatimiza yote? Kwa hiyo mganga hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu.

Mama aliokoka akayakataa yale mambo kwa moyo wote. Lakini nikiyatazama leo naona kwamba pale uwanjani alikutana na kitu kilekile kimevaa suti. Imani imegeuzwa kuwa sharti la mganga: sharti ambalo haliwezi kupimwa, kwa hiyo kila mara linaweza kusemwa kwamba limevunjwa. Mponyaji hawezi kushindwa. Anayeshindwa ni yule aliyekuja akitambaa.

Je, hayo ndiyo yaliyomo katika Injili? Nilikaa nazo zote nne miezi kadhaa, si kama msomi, kama mtu anayekagua risiti.

Katika Mathayo sura ya 17 kuna baba mwenye mtoto wa kifafa. Aliwapelekea wanafunzi wa Yesu, wakashindwa. Hapa ndipo mhubiri wetu angesema mtoto ana shaka, au baba ana shaka. Tena Marko, akisimulia kisa hichohicho katika sura ya 9, anamwonyesha yule baba akikiri waziwazi kwamba imani yake ina upungufu na akiomba asaidiwe. Mtoto akaponywa hivyohivyo. Baadaye wanafunzi wakamwuliza Yesu faraghani kwa nini wao hawakuweza. Kwa Mathayo jibu ni kwamba imani yao ilikuwa haba. Imani ya nani? Ya wanafunzi. Ya waliosimama kuombea, si ya aliyeombewa.

Niliposoma hapo niliweka kitabu chini nikatoka nje. Mama alikuwa ameisikia sura hiyo kanisani mara ngapi maishani mwake? Na hakuna aliyemwambia kwamba deni lile, kama lilikuwepo, lilikuwa la mtu mwenye kipaza sauti.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa kuhusu Nazareti, katika Marko sura ya 6, ambako Yesu hakufanya miujiza mingi kwa sababu ya kutoamini kwao. Ni kweli. Lakini wasioamini pale ni wanakijiji waliomjua tangu utoto, waliokuwa wakisema huyu si yule seremala wetu. Na hata hapo, wagonjwa wachache waliwekewa mikono wakapona. Nitaambiwa pia kwamba Bartimayo na wengine waliambiwa imani yao imewaponya. Hilo nalo ni kweli, lakini angalia waliambiwa lini: wakati wa kupona, kama heshima, ili mtu aondoke akijua naye alikuwa na sehemu yake. Sioni mahali katika Injili ambapo mgonjwa alimfikia Yesu kisha akarudishwa nyumbani vilevile akiambiwa imani yako ndogo. Maneno ya baraka tumeyageuza kuwa hukumu kwa kuyasoma kinyumenyume: kama imani huponya, basi asiyepona hana imani. Hata mtoto wa shule anajua hesabu haiendi hivyo. Mvua ikinyesha ua hulowa. Ua ukiwa umelowa huenda mtu kamwaga ndoo.

Lakini sitaki kudanganya upande wangu pia. Biblia haisemi kwa sauti moja juu ya ulemavu. Walawi sura ya 21 inamkataza kuhani kiwete au kipofu kuikaribia madhabahu. Yule mtu wa miaka 38 penye birika, katika Yohana sura ya 5, baada ya kupona anaambiwa asitende dhambi tena, kama kwamba ugonjwa ulitoka huko. Halafu sura nne mbele, wanafunzi wanapomwona kipofu tangu kuzaliwa na kuuliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, Yesu anakataa yote mawili. Anayetaka kumhukumu mlemavu atapata mstari. Anayetaka kumwacha huru atapata mstari. Kwa hiyo tusijifiche nyuma ya kitabu. Tunachagua, na tutaulizwa tulichagua nini.

Kuna waliochagua njia nyingine kabisa. Mwaka 1994, mwaka uleule wa krusedi yetu, Mmarekani Nancy Eiesland, ambaye mwenyewe alizaliwa na ugonjwa wa mifupa, alichapisha kitabu kiitwacho The Disabled God. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba Kristo alifufuka na makovu. Mwili ule wa utukufu haukusafishwa. Mikono na ubavu vilibaki na alama, na kwa alama hizo ndipo rafiki zake walipomtambua. Kwa hiyo Mungu mwenyewe ana mwili uliojeruhiwa, na mlemavu si picha iliyoharibika ya Mungu. Hapa kwetu Kenya, Samuel Kabue, mtu asiyeona, aliongoza kwa miaka mingi EDAN, mtandao wa Wakristo watetezi wa watu wenye ulemavu ulioanzishwa mwaka 1998 Harare, kwenye mkutano mkuu wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni, na ambao makao yake ni Nairobi. Mwaka 2011 yeye na wenzake, akiwemo Esther Mombo, walihariri kitabu cha sauti za Waafrika juu ya ulemavu, jamii na theolojia. Hawa hawauliza mlemavu ataponaje. Wanauliza kanisa litaponaje.

Nilimweleza dada habari ya yale makovu nikidhani nimemletea zawadi. Alikuwa anakata kitambaa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Vizuri. Lakini si aliingia chumbani milango ikiwa imefungwa? Mie hata iliyo wazi inanishinda."

Nilicheka, yeye hakucheka. Na ana haki. Wazo la Eiesland linampa mtu heshima, na heshima si kitu kidogo kwa mtu aliyebebwa makwapani mbele ya umati. Lakini haliondoi ngazi, na wala haliondoi maumivu ya mgongo usiku. Tena kuna hatari kwamba sisi tusio na ulemavu tutalipenda kwa sababu halitugharimu. Jana tulisema utapona mbinguni, leo tunasema Mungu yuko kama wewe, na katikati ya hayo mawili hakuna aliyeshika koleo.

Wala tusiufanye uponyaji kuwa adui. Hapa hapa Kwale kuna hospitali ya macho iliyoanza miaka ya 1990, na wazee wengi wenye mtoto wa jicho wameingia wakiongozwa kwa mkono wakatoka wakijua rangi ya kanzu zao. Ningemwambia mzee kama huyo kwamba kutoona ni utambulisho wake tu, angenirushia kiatu, na sasa angelenga. Mwaka 2011 maelfu ya watu, wengine kutoka huku Kenya, walifunga safari hadi Samunge, Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500 za kule. Foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi porini, na wengine walifia njiani. Wale hawakuwa wakikimbia akili. Walikuwa wakikimbia bili. Mtu anayekaa karibu na daktari na ana cha kumlipa, imani yake haijawahi kupelekwa mtihani ule.

Basi nikarudi kwa Marko, sura ya 2, hadithi ambayo kila mtoto wa shule ya Jumapili anaijua. Watu wanne wanambeba mtu aliyepooza. Nyumba imejaa, mlango haupitiki. Wanapanda darini, wanatoboa paa la mwenyewe, wanamshusha na kitanda chake. Na Injili inasema Yesu aliiona imani yao. Wao. Aliyelala hajasema neno tangu hadithi ianze. Hatujui kama aliamini, kama alishuku, kama alikuwa anaogopa kuanguka. Imani iliyohesabiwa pale ni ya wabebaji, nayo haikuwa kitu cha kusikika kwa kelele. Ilionekana kwa macho, kwa sababu ilikuwa tundu kwenye paa.

Miaka yote nilijihesabu mmoja wa wale wanne. Si nilimbeba kwa baiskeli? Lakini sisi hatukutoboa paa lolote. Tulimpeleka kwenye uwanja wa wazi, tukamkabidhi kwa watu wengine, tukasubiri yeye ndiye afanye kazi ya kuamini.

Na kuna kitu kingine ambacho Yesu hufanya na sisi hatukufanya. Anauliza. Bartimayo ni kipofu, kila mtu anaona shida yake, bado anaulizwa anataka afanyiwe nini. Yule wa miaka 38 anaulizwa kama anataka kuwa mzima. Na jibu lake mimi sikuwahi kulisikia vizuri mpaka juzi. Hakusema miguu yangu. Alisema hana mtu wa kumtia majini. Akijikokota, mwingine anamtangulia. Yaani miaka 38 tatizo lake la kwanza halikuwa mwili. Lilikuwa kukosa mtu.

Kwa hiyo nilienda Mkongani nikamuuliza dada. Niliona aibu kama kijana anayeposa. Nikamwambia, dada, wewe hasa unataka nini?

"Kwani nani kakwambia nataka kitu?"

"Nauliza tu."

Alizungusha cherehani kidogo. Halafu akaniambia anataka choo. Choo cha nyumbani kina kizingiti kirefu na mlango mwembamba. Usiku, mvua ikinyesha, hutambaa kwenye matope akaingia kwa magoti, na miaka yote hiyo amekuwa akijizuia kunywa maji jioni. Anataka sakafu ya simiti kutoka mlango wa jikoni mpaka chooni, bomba la kushikia ukutani, na mlango anaoweza kuufunga mwenyewe.

"Na miguu?" nikamuuliza.

"Miguu nikipewa sitaikataa. Lakini miguu ni kazi ya Mungu. Choo ni kazi yako."

Sijasikia theolojia nyingine iliyogawa kazi kwa haki namna ile. Tumeishi kinyume chake: choo tumemwachia Mungu, na miguu tumeichukua sisi, tukaipigia kelele uwanjani. Tena nadhani najua kwa nini muujiza unatuvutia hivyo. Muujiza ukija, hakuna haja ya kubadilisha jengo. Anabadilika mtu mmoja, sisi wengine wote tunabaki tulivyokuwa. Ndiyo maana hata kuuomba sana kunaweza kuwa uvivu uliovaa nguo za ibada.

Choo kilijengwa kwa siku nne. Jirani yetu mzee, Mwislamu, fundi wa mawe, alikataa malipo ya siku mbili. Nilipomuuliza sababu alinikumbusha Sura ya Abasa, ile iliyoteremka Mtume alipomkunjia uso kipofu Ibn Umm Maktum kwa kuwa alikuwa anaongea na wakubwa wa Makka. "Mtume mwenyewe kakumbushwa," akasema, "mie nani?" Kisha akaniuliza, bila ubaya, kwa nini ilituchukua miaka yote hii, na sisi watu wa maombi. Sikuwa na jibu.

Gharama yote haikufika shilingi 20,000.

Lipo lililobaki. Kanisa ambalo dada aliliacha baada ya mwaka ule lina ngazi tatu mlangoni. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa haki ya kufika mahali pa umma, na Luka sura ya 14 inasema ukifanya karamu uwaalike viwete na vipofu, bila kuweka sharti kwamba wapone kwanza. Niliipeleka kwa kamati hoja ya kuweka mteremko wa simiti kando ya zile ngazi. Walinipokea vizuri, wakaniambia wameiweka katika maombi, na mzee mmoja, mtu mwema kabisa, akaongeza kwamba yeye bado anaamini Mungu atamwinua dada yetu.

Nilimjibu kwamba naamini pia. Kisha nikamuuliza kama mchanga uliobaki nyumbani niulete lini.